Mayu, Sikuwa Wodini

Mayu wangu,

Kesho asubuhi napanda basi kwenda kwenye nyumba ya masista, upande wa Mwanza, kutibiwa pombe. Mgonjwa anakaa humo miezi minne bila kutoka. Mimi, mke wa mwanao, uliyenipokea hapa Dutwa nikiwa na sanduku la bati na cheti cha ualimu, ndiye mgonjwa mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu tuliishi nyumba moja miaka tisa, mimi na wewe, na neno pombe halikutoka kinywani mwa yeyote kati yetu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili chako kilikuwa cha kuombea chumvi dukani na kumsalimia mchungaji. Kisukuma nakisema, lakini sijawahi kukiandika, na mkono wangu siku hizi unatetemeka hata kwa maneno niliyoyazoea. Barua hii siifungi. Naiacha mezani. Atakayetaka kuisoma katika ukoo aisome, na mwanangu Limi akikua aisome pia.

Siku niliyofika kwako ulikuja kunipokea barabarani, peku, ukalishika sanduku langu. Nikasema, "Mama, nitabeba mwenyewe." Ukasema, "Mimi ni Mayu. Mama ni wa mjini. Na wewe ni Mwalimu. Mwalimu habebi." Tangu siku hiyo hukuniita tena jina langu. Nilikuwa msichana wa Kalemela, mtoto wa watu wa samaki, wazazi wangu wote wameshakufa, na sikuwa nimewahi kuonewa fahari na mtu. Wewe ulikuwa ukipita nyuma ya shule wakati wa masomo bila safari yoyote, unasimama kwenye uzio wa minyaa, unasikiliza watoto wakinijibu kwa pamoja. Ulidhani sikuoni.

Masunga, mume wangu, mwanao, wakati huo alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha chama cha ushirika. Alirudi jioni na nyuzi za pamba kwenye nyusi na masikioni. Wewe ulimchambua kwa vidole wakati anakula, mtu mzima yule, naye alikuacha. Nakumbuka nilijiambia kwamba nimeolewa kwenye nyumba ya watu wema. Sikukosea.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu akaachiwa afanye biashara. Maduka ya Dutwa, ambayo nilipofika yalikuwa na viberiti na majembe, yakajaa redio, mafuta ya kujipaka na nguo za mitumba. Pamba nayo ikafunguliwa. Kila mwenye lori na mizani alikuja kununua, na wakulima wakampa yule aliyelipa papo hapo. Ushirika ukakosa pamba. Kiwanda kikafanya kazi nusu msimu, kisha kikanyamaza, na Masunga na wenzake wakapunguzwa. Alikaa nyumbani mwaka mzima akitengeneza baiskeli za watu ukutani pale. Jumamosi tulikunywa bia, mimi na yeye, kwa mshahara wangu. Halafu akaenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Geita, akasema anakwenda miezi mitatu. Habari za mke aliyemwoa huko ulizisikia wewe kwanza, kutoka kwa dereva wa lori, ukazikalia wiki mbili. Ulikuwa unatafuta namna ya kuniambia. Mwishowe hukusema kitu. Ulihamisha mkeka wako ukaja kulala chumbani kwangu, na mimi nikaelewa.

Mimi nikaendelea na ile Jumamosi peke yangu. Ikawa Jumamosi na Ijumaa, kisha sikuhesabu tena siku. Viroba vilipoingia madukani, vile vipakiti vidogo vya pombe kali, sikuhitaji hata mahali pa kukaa. Kiroba kinaingia kwenye mkoba wa mwalimu, kati ya chaki na daftari la mahudhurio. Nilikinywa kwenye choo cha shule, nikatafuna karanga, nikarudi darasani kufundisha kutoa na kujumlisha.

Wewe ulijua kabla yangu. Asubuhi uliniamsha kukiwa bado na umande, ukanikalisha uani kwenye kigoda, ukanimwagia maji ya kisima kichwani, kata moja baada ya nyingine. Ulinipa uji mwembamba wa mtama na kusimama mpaka niumalize. Ukanifunga kilemba. Nikitapika, ulifukia kwa mchanga kabla Limi hajaamka. Na siku ambazo sikuweza kusimama ulikwenda shuleni mwenyewe. Mwalimu mkuu alinisimulia baadaye. Ulibisha hodi ofisini, ukamwamkia kwa Kisukuma, ukasema, "Mwangaluka. Mwalimu gonjwa. Homa." Akakwambia, "Mama, homa hii inakuja kila Jumatatu." Ukafikiri kidogo, ukamjibu, "Ndiyo. Hiyo homa ya Jumatatu." Alikuacha uende. Alisema ulikuwa umetembea na mguu ule wako mbovu na ulikuwa umevaa nguo ya kanisani.

Sasa nizungumze habari za Holo, kwa sababu barua hii ni yake pia.

Holo ni kitinda mimba wako, wifi yangu. Nilipoolewa alikuwa bado anachunga mbuzi kwa baba yake mdogo, akija hapa Jumapili. Msimu wa pili wa ruksa alimpenda karani mmoja aliyekuja na lori la wanunuzi, kijana wa mbali aliyepima pamba na kuvaa saa. Akaondoka naye bila ng'ombe hata mmoja kuingia zizini. Ulisema, "Huyo amekufa," na ukatukataza kumtaja. Karani alikaa naye misimu miwili, wa tatu hakurudi. Holo akabaki na mimba, mimba ikatoka, akashindwa kuja huku. Akaanzisha kibanda cha chai Somanda, mjini Bariadi, karibu na geti la hospitali, mwendo wa basi usiofika saa moja kutoka kwako. Miaka sita hukumwona. Nilipokwenda Bariadi kufuata mshahara nilikunywa chai kwake, akaniuliza habari zako, nami nikirudi sikukwambia nilikuwa wapi. Huo ulikuwa woga wangu mwingine, maana nilikuogopa zaidi ya nilivyokuwa nakupenda.

Mwaka wetu wa tisa miguu yako ilianza kuvimba. Ukawa huwezi kulala chali, unalala umeketi na kuegemea ukuta, na kifua kinalia. Tukakupeleka hospitali ileile ya Somanda; Holo alijua, lakini hakuthubutu kuja kitandani kwako bila kuitwa. Daktari alisema moyo umechoka, wewe ukae umeinuliwa, na mtu awe karibu kila saa, pumzi ikibadilika aite muuguzi. Nikaomba ruhusa shuleni. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Siku nane nilikaa, Mayu. Hilo ni kweli na naliandika kwa sababu mambo ya kweli niliyokutendea ni machache. Siku nane nililala sakafuni chini ya kitanda chako, nikakunawisha, nikakulisha, nikakusugua mgongo. Sikunywa. Siku ya tatu mikono ilinitetemeka hata nikakumwagia chai kifuani, ukaishika mikono yangu yote miwili ukaikalia, hivi, chini ya paja lako, mpaka ikatulia. Ukaniuliza, "Baridi?" Nikasema, "Ndiyo, Mayu, baridi." Jua lilikuwa linawaka nje.

Siku ya tisa uliamka vizuri. Ulikula ugali kidogo na mlenda, ukataka nikusuke. Nilipomaliza ilikuwa saa nane mchana. Nikakwambia nakwenda kununua sabuni. Ukasema, "Usichelewe, Mwalimu." Ndani ya kichwa changu kulikuwa na mtu mwingine aliyeshafika zamani kule nilikokuwa nakwenda. Nilitoka getini nikapita duka la sabuni. Nyuma ya soko kulikuwa na kilabu. Nilisema nitakunywa moja, nilale usingizi usiku, nikuuguze vizuri zaidi. Niliamini hivyo kabisa wakati nakaa kwenye benchi.

Nilirudi saa kumi na mbili. Kitanda chako kilikuwa kitupu na godoro limekunjwa. Mwanamke aliyekuwa anamuuguza mama yake kitanda cha jirani alinitazama, nadhani alisikia harufu, akamsogeza mtoto wake nyuma yake. Akaniambia ulianza kuhangaika kama saa kumi. Muuguzi alikuja, wakakuwekea hewa, haikusaidia. "Alikuwa anaita Mwalimu, Mwalimu," akasema. "Sisi tulidhani anamwita mwalimu wa kanisani kwake. Nikamwambia, mama, mwalimu anakuja."

Hilo ndilo neno lako la mwisho, Mayu. Ulikuwa unaniita mimi.

Tulikurudisha Dutwa kesho yake kwa gari la kukodi. Uani kulijaa watu. Baba mkubwa, kaka yake marehemu mumeo, alikaa kwenye kiti mbele ya wote. Kabla ya kuchimba kaburi alinyamazisha watu akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Tuambie alituachia neno gani." Wote wakageuka. Wanawake walikuwa wananiangalia kwa heshima, mkwe aliyemuuguza mama mkwe wake mpaka pumzi ya mwisho. Masunga alikuwa amekuja kutoka machimboni, amekaa chini, macho mekundu. Na kule nyuma, nje ya uzio wa minyaa, alisimama Holo. Hakuwa ameingia. Hakuna aliyemwita.

Ningeweza kusema sikuwepo. Ningeweza kusema hukuacha neno, watu wangepumua na maisha yangeendelea. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, na nilichokiona ni Holo. Nikasema, "Alimtaja Holo. Alisema Holo arudi nyumbani, amemsamehe." Na kwa kuwa hakuna aliyejibu, na nikaogopa kimya kile, nikaongeza, "Alisema kile kitenge chake cha bluu apewe Holo."

Mayu, Holo aliingia akitambaa. Alitambaa kutoka kwenye uzio mpaka ulipolazwa, na watu wakampisha, na baba mkubwa mwenyewe akalia. Wakakitafuta kile kitenge sandukuni mwako wakamfunika nacho mabegani. Mtu mmoja akanishika bega akasema, "Asante, Mwalimu." Mimi nilikuwa bado na ladha ya kilabu mdomoni.

Kwa maneno yale Holo alipata ndugu tena. Alialikwa kwenye mahari za mabinti wa kaka zake. Jumapili alivaa kitenge kile kwenda kanisani na kila aliyemsifu alimwambia, "Ni cha mama. Aliniachia." Na mimi alinipenda kupita kiasi. Kwake nilikuwa mdomo wako. Miaka minne imepita hivyo. Mara nyingi nilijiambia kwamba uongo ule ulikuwa mzuri, umejenga nyumba. Nilijiambia hivyo nikiwa nimekunywa, na nilikunywa kila siku.

Nisikuchoshe na miaka hiyo. Bila wewe hapakuwa na maji ya kisima wala uji. Masunga alirudi machimboni na hajaja tena. Niliuza mbuzi, nikauza sanduku langu la bati. Manukato niliyopewa na walimu wenzangu niliyanywa. Mwezi wa tatu mwaka huu nilianguka darasani mbele ya watoto wa darasa la pili, nikajikojolea, na hakuhitajika mtu mzima kuamua, watoto wenyewe walikwenda kumwita mwalimu mkuu. Nimesimamishwa kazi.

Lakini si hilo lililonifikisha hapa. Kabla ya siku ile, Holo alikuja Dutwa bila kutuambia, akapitia shuleni kumsalimia Limi. Akamkuta amesimama mlangoni mwa ofisi. Mjukuu wako ana miaka kumi na mmoja, Mayu, na ameota meno yako ya mbele. Alikuwa anamwambia mwalimu mkuu, "Mama ana homa." Mwalimu mkuu akamuuliza, "Homa gani, Limi?" Akasema, "Ya malaria. Nimeshampa dawa. Nimeshafua." Holo aliniambia hakusema kama mtoto anayedanganya. Alisema kama mtu aliye kazini.

Holo akamchukua Limi siku ileile. Na niliposimamishwa kazi akaja tena, akanikuta sakafuni, akakaa kando yangu. Alikuwa amepata habari za nyumba ya masista kutoka kwa muuguzi anayekunywa chai kwake. Alikuwa ameshapeleka jina langu. "Wifi," aliniambia, "mama alinirudisha kwa kinywa chako. Mimi siwezi kukuacha ufe hapa." Akaniosha miguu. Nikamwacha anioshe.

Masista walituma karatasi ya vitu vya kuja navyo: mashuka mawili, ndoo, kandambili, sabuni, mto. Na visivyoruhusiwa: manukato, dawa za kikohozi za maji, pesa mkononi. Chini kabisa waliandika kwamba mgonjwa aje na ndugu mmoja anayemfahamu vizuri, atakayeulizwa maswali mbele yake. Ndugu huyo ni Holo. Nilisoma mstari ule mara nyingi. Nikamwona amekaa mbele ya sista, amevaa kitenge cha bluu, anasema, huyu ndiye aliyemuuguza mama yetu.

Jumapili iliyopita nikapanda gari kwenda Somanda. Ilikuwa baada ya ibada, wateja wachache. Limi alikuwa amekwenda kuimba. Holo alikuwa anaosha vikombe kwenye beseni.

"Holo, nina jambo kuhusu mama."

"Sema."

"Siku ile aliyokufa, sikuwa wodini."

Aliendelea kuosha. "Ulikuwa wapi?"

"Kilabuni. Nyuma ya soko pale."

"Ulirudi saa ngapi?"

"Alikuwa ameshatolewa kitandani."

Alikuwa anaosha kikombe kilekile. "Na yale maneno?"

"Niliyatunga."

"Hata kitenge?"

"Hata kitenge."

Mwanamume mmoja alikuja kutaka chai, akamwambia chai imekwisha, na birika lilikuwa linachemka mbele yake. Yule mtu akaondoka. Holo akafuta mikono.

"Alisema nini basi?"

"Aliyekuwa jirani yake aliniambia alikuwa ananiita mimi."

"Mimi hakunitaja?"

Hapa ndipo nilipokuwa nimefika, Mayu. Nilikuwa na jibu tamu tayari. Ningeweza kumwambia kwamba siku ya tano uliuliza, yule anayeuza chai getini ni mtoto wa nani. Lingeingia kama ufunguo. Angelishika akaishi nalo, na nani angejua?

"Hakukutaja," nikasema.

"Siku zote tisa?"

"Siku zote tisa."

Aliingia ndani ya kibanda. Alipotoka alikuwa amevaa kanga, na kitenge amekikunja vizuri, kingo kwa kingo. Akakiweka kwenye benchi, kando yangu.

"Chukua. Si changu."

"Holo, chako. Mama asingekataa..."

"Usimsemee," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Usimsemee tena. Nenda."

Nikarudi Dutwa na kitenge mapajani. Usidhani kusema kweli kuliniponya. Jumapili ile nilikunywa, na Jumatatu. Jumanne nilifungua mshono wa mto, nikaingiza kiroba kimoja katikati ya pamba, nikashona. Nilishona vizuri, kwa uzi wa rangi ileile. Mtu aliyekwenda kutubu kwa wifi yake siku mbili kabla ndiye huyohuyo aliyeshika sindano.

Leo ni Jumatano. Saa tisa mchana nimesikia hatua uani, ni Holo, na kikapu chake.

"Nimekuja kulala hapa," akasema. "Basi linapita saa kumi na mbili asubuhi."

"Nilidhani huji."

"Hata mimi." Akakaa kwenye kizingiti, akanipa mgongo. "Miaka minne nilikuwa nakusaidia kwa ajili ya mama. Leo sijui nimekuja kwa ajili ya nani. Limi ameniuliza jana kama mama yake atapona. Nikamwambia sijui. Labda nimekuja kwa sababu hiyo, sijui. Usiniulize."

Sikumuuliza.

"Maswali ya masista nitayajibu," akasema. "Nitasema yote. Na hilo la wodini nitalisema."

"Sema."

"Lete mzigo wako niuone."

Nikauleta. Alikunjua mashuka, akapekua ndoo, akapasua sabuni kwa kisu. Alipofika kwenye mto akaubonyeza kwa viganja, taratibu, kama mtu anayepapasa tumbo la mgonjwa. Akasimama. Akachukua wembe, akakata mshono wangu, akatoa kiroba, akatoka nacho uani. Nilisikia kikimwagika. Harufu ilinifikia ndani, Mayu, na mate yakanijaa mdomoni.

Akarudi. "Kuna kingine?"

"Hakuna."

Alinitazama usoni. Ana macho yako akikasirika, hayapepesi.

"Usiniamini," nikamwambia. "Tafuta."

Akatafuta. Alitafuta kwenye nyasi za paa la jiko, kwenye viatu vya Limi, chini ya godoro, kwenye mtungi wa maji. Alipekua vitabu vyangu vya kufundishia kimoja kimoja. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilikaa kwenye kigoda na mikono nimeikalia. Hakupata kitu. Hakusema kwamba hakupata kitu. Alikwenda nje kuwasha moto, na sasa hivi ninapoandika nasikia anasonga ugali.

Hatujazungumza tena. Kitenge kiko juu ya kitanda, ameshapita mbele yake mara tatu. Sijamwambia akichukue, wala sitamwambia.

Naogopa kesho. Nasikia siku za kwanza mtu anaona wadudu ukutani, anatoka jasho, anaita watu wasiokuwepo. Nadhani najua nitakayemwita. Walimu wengine wamekwenda kwenye nyumba kama hizo wakarudi, wakanywa wiki hiyohiyo. Sina ahadi ya kukupa. Ninachoweza kukwambia ni kwamba sasa ni saa kumi na mbili kasoro, jua bado liko juu ya minyaa, na tangu asubuhi sijanywa.

Msamaha sikuombi, Mayu. Nikikuomba, kabla hata sijamaliza nitaanza kusikia unanijibu, na nitakuwa nimekulisha maneno mara ya pili. Kaa kimya tu. Mimi nitakwenda hivyohivyo.

Pumzika.

Ni mimi mkweo, mama yake Limi.